Farasi Akichechemea Tena Baada ya Upasuaji

Usaisi, yaani kazi ya kutunza farasi, nilijifunzia Ngong, karibu na Nairobi, kabla ya kuja Uingereza, na sijaona jeraha linalochosha roho kama la ala ya kano. Ni mfuko wenye ute unaozivika kano mbili za nyuma ya kifundo kilicho juu ya ukwato, kama ala ya jambia. Ukijaa, unaona uvimbe kulia na kushoto, juu kidogo ya kifundo. Uvimbe peke yake usikutie hofu; farasi wengi wa makamo wanao na wanatembea vizuri. Ukiambatana na kuchechemea, ita daktari.

Domino, farasi mfupi mnene wa aina ya kobu, aliumia mguu wa nyuma. Ultrasaundi haikuonyesha cha maana. Daktari akaingiza ndani ya ala dawa inayoonekana kwenye eksirei, ndipo tukaona: pete nyembamba inayoizunguka kano ya ndani, ile iliyo karibu zaidi na mfupa, imechanika. Kwa kobu na poni, hasa miguu ya nyuma, hutokea sana. Akapewa nusukaputi, kamera ikapitishwa kwenye tundu dogo, pete ikatolewa.

Miezi 5 baadaye, kuchechemea kukarudi.

Mwenye farasi alitaka apasuliwe wiki ileile, maana bima ingelipia ugonjwa huo kwa miezi 12 tu. Simlaumu. Lakini nusukaputi kwa farasi si mchezo: katika kila 100, takriban mmoja harudi nyumbani, mara nyingine kwa kuvunjika mguu akijaribu kusimama. Kwa hiyo kabla hujakubali, omba ganzi itiwe ndani ya ala. Sisi tulingoja kama dakika 15, nikamkimbiza Domino kwenye lami. Mwanzoni kwato zililia pigo zito, pigo jepesi. Baada ya ganzi, yote yakalingana. Basi maumivu yalikuwa bado mlemle. Mwendo usingebadilika, tungekuwa tunampasua bure huku ugonjwa uko kwingine. Omba pia daktari aitazame upya video ya upasuaji wa kwanza.

Safari ya pili walikuta makovu yameshikamana, na ukanda unaopita nyuma ya kifundo umenenepa, unabana. Wakaukata. Kano ya ndani ilikuwa nzima, shukuru Mungu. Ingekuwa imechanika, matumaini yangepungua sana.

Nikiri: mara ya kwanza, siku za mvua nilikuwa namwacha bandani bila kumtembeza. Sijui kama ndiyo yaliyoleta makovu, ila safari hii, daktari aliporuhusu, tulianza dakika 5 mara mbili kwa siku, kila wiki tukiongeza 5, nazo nikiziandika kwa chaki mlangoni. Mvua inyeshe isinyeshe. Na mguu ukipata moto, au akigoma ghafla kuukanyaga, piga simu usiku huohuo. Vijidudu vikiingia ndani ya ala havingoji asubuhi.

Sasa Domino anapandwa barabarani na msituni. Kuruka viunzi, basi tena. Uvimbe mdogo umebaki, na kila asubuhi naupapasa kabla sijamwekea nyasi.