Barabara imefungwa, wewe uko tayari? Majibu kwa wanaojiandaa kuendesha kilomita 160

Maelfu ya waendeshaji baiskeli, namba kifuani, magari yameondolewa barabarani tangu alfajiri. Ndiyo sura ya mbio hizi za wazi kwa wote, ziwe kilomita 109 za Cape Town Cycle Tour iliyoanza mwaka 1978, au za milimani kama L'Étape du Tour ya Ufaransa, ambayo tangu 1993 huwapa watu wa kawaida nafasi ya kupita njia ya hatua moja ya Tour de France. Wengi waliotuandikia safari hii wamejiandikisha kwa kilomita 160 na hawajawahi kuendesha katikati ya umati. Maswali tumeyafupisha.

Barabara ikifungwa, naruhusiwa kutumia upana wote, pamoja na kukata kona?

Usifanye hivyo. Kufungwa maana yake magari ya umma hayapo, lakini barabara si tupu. Kuna pikipiki za wasimamizi, gari la fundi na ambulensi, na ambulensi yaweza kukujia kutoka mbele ikiwa imemfuata majeruhi. Watu huvuka. Kuna waliotangulia kuanza nusu saa kabla yako ambao sasa wameshuka na wanakokota baiskeli kilimani. Kaa upande uleule ambao magari ya nchi hiyo hupita, wapishe wenye kasi, na ukimpita mtu pita kwa upande wa katikati ya barabara huku ukimwambia mapema kwa sauti. Kwenye kona usiyoiona mwisho wake, baki kwenye nusu yako ya barabara. Ukisikia msimamizi anapuliza filimbi na kupunga bendera, mbele kuna hatari: kona kali, matuta, kisiwa cha katikati ya barabara au mtu aliyeanguka. Acha kunyonga, weka vidole kwenye breki, usibane ghafla.

Hatari yako kubwa siku hiyo ni gurudumu la mwenzako, na hilo tutalirudia chini.

Nimepangiwa kundi la mwisho kuanza. Gari linalookota walioachwa litanikuta?

Litakukuta usipopiga hesabu. Gari hilo hutembea kwa mwendo uliopangwa, na nyuma yake barabara hufunguliwa kwa magari. Walioanza mapema wana akiba ya muda, lakini wewe wa kundi la mwisho, gari liko mgongoni mwako tangu mita ya kwanza.

Tuseme kikomo ni saa 8 kwa kilomita 160. Hiyo ni kilomita 20 kwa saa, na saa ya mwandaaji haisimami unaposimama. Ukisimama mara nne kwa dakika 10, umetumia dakika 40, zimebaki saa 7 na dakika 20, na sasa unahitaji karibu kilomita 22 kwa saa ukiwa kwenye siti. Foleni ya choo na ya maji ndiyo inayomaliza watu wengi, wala si miguu. Soma pia muda wa kufungwa kwa vituo vya katikati, si wa mwisho tu. Ziandike kilomita za vituo hivyo na saa zake kwenye kipande cha karatasi, ukibandike kwenye fremu karibu na usukani.

Fundi aangalie nini, na lini?

Wiki mbili kabla. Siku mbili kabla ni kuchelewa, kwa sababu vifaa vipya vinahitaji kuzoeana: waya mpya za gia hulegea kidogo baada ya safari chache za kwanza na gia huanza kurukaruka, na pedi mpya za breki za diski hazishiki vizuri mpaka zibanwe mara 20 hivi kutoka mwendo wa kasi hadi polepole, bila kusimama kabisa.

Cheni unaweza kuipima mwenyewe kwa rula ya inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja, kisha angalia penye inchi 12. Cheni ambayo haijachakaa itakuwa na pini palepale kwenye 12. Pini ikiwa imeipita alama hiyo kwa moja ya kumi na sita ya inchi, yaani takriban milimita 1.5, cheni imerefuka kwa asilimia 0.5: ibadilishe. Ikiwa imefika moja ya nane ya inchi, umechelewa, maana meno ya gia za nyuma yameshaliwa kufuata urefu ule. Ukiweka cheni mpya juu yake itaruka meno pale unapokanyaga kwa nguvu kupanda kilima, na ukiwa umesimama kwenye pedali utaangukia usukani. Hapo badilisha cheni na gia za nyuma kwa pamoja.

Tairi likionyesha nyuzi au lina mkato unaofunguka ukilibonyeza, halifai. Pedi za diski zikibaki chini ya milimita 1 ya nyenzo yenyewe, tupa.

Kilima nacho kina hesabu yake. Ukinyonga mizunguko 70 kwa dakika kwenye gia ya meno 34 mbele na 32 nyuma, unakwenda kama kilomita 9 na nusu kwa saa. Kwa meno 39 na 25, mizunguko ileile inakulazimisha kwenda karibu kilomita 14, na kwenye mwinuko wa asilimia 6 hiyo ni kazi kubwa mno kwa mtu mwenye kilomita 100 miguuni. Gia nyepesi si aibu.

Nina kilo 75 na matairi ya milimita 28. Upepo kiasi gani?

Anza na psi 75 (kipimo cha shinikizo kinachoonekana kwenye pampu) nyuma na 70 mbele. Mwenye milimita 25 aongeze kama 12 kila upande. Mvua ikinyesha, punguza 5. Wengi hujaza mpaka tairi liwe jiwe wakidhani litakwenda kasi, lakini kwenye lami ya kawaida tairi gumu hudunda, na kila mdundo ni nguvu yako inayopotea na mikono inayochoka. Usivuke namba iliyo ndogo kati ya ile ya tairi na ile ya rimu. Rimu za kisasa zisizo na ndoano ya kushika ukingo wa tairi kwa kawaida huishia bar 5, sawa na psi 72.5, ukizidisha hapo tairi linaweza kuchomoka.

Naogopa kuendesha kwenye kundi. Nikiendesha peke yangu nitapoteza nini?

Utapoteza nguvu nyingi. Anayekaa nyuma ya mwenzake huokoa robo hadi theluthi ya nguvu ambayo angeitumia kupasua upepo. Kwa saa sita au saba hiyo ni tofauti ya kumaliza na kuokotwa. Lakini woga wako una msingi, kwa hiyo elewa watu huangukaje.

Gurudumu lako la mbele limepita kidogo gurudumu la nyuma la mwenzako, tuseme sentimita 10 tu. Yeye anakwepa shimo. Gurudumu lake la nyuma linagonga ubavu wa gurudumu lako la mbele. La kwake limefungwa kwenye fremu na limebeba uzito wake, kwa hiyo halisogei. La kwako ndilo unaloligeuza kila sekunde ili usianguke, na sasa limebanwa, haligeuki unakotaka. Yeye anaendelea bila hata kujua, wewe uko chini, na watano walio nyuma yako wako juu yako. Kwa hiyo usiweke kamwe gurudumu lako sambamba na la mbele yako isipokuwa unampita.

Kama hujazoea, acha nafasi ya urefu wa nusu baiskeli hadi baiskeli nzima. Bado utapata faida kubwa. Usikodolee macho tairi la mbele, tazama mabega ya mtu wa tatu mbele yako ili uone mwendo unapopungua kabla haujakufikia. Ukitaka kupunguza mwendo, acha kunyonga au inuka kifua kiupokee upepo kabla ya kugusa breki. Ukitaka kusimama kwenye pedali, ongeza gia moja nzito na uinuke pedali inapoanza kushuka, kwa sababu mtu akinyanyuka ovyo baiskeli hurudi nyuma kidogo na kumgonga anayemfuata. Onyesha mashimo kwa mkono, na taja kwa sauti.

Upepo wa ubavuni unadai nafasi zaidi. Mwaka 2017 mbio za Cape Town zilifutwa asubuhi ileile kwa sababu upepo ulikuwa unazoa watu na baiskeli zao. Ukitabiriwa upepo mkali, acha nyumbani rimu zenye ukuta mrefu unaoshika upepo, hasa ya mbele.

Nilimaliza mazoezi ya kilomita 90 nikiwa natetemeka, sina nguvu kabisa. Nile nini?

Dalili hizo zinaonyesha mwili uliishiwa wanga, na ukishafika hapo huwezi kulipa deni ukiwa barabarani. Kula kifungua kinywa zikiwa zimebaki saa tatu kuanza, kisha lenga gramu 60 za wanga kila saa, kuanzia dakika ya 30, hata kama huna njaa. Njaa huja imechelewa.

Gramu 60 ni nini? Ndizi moja ya wastani ina kama 25. Kijiko kikubwa cha sukari ni 12 hivi. Chupa ya nusu lita yenye vijiko vikubwa viwili na nusu vya sukari na chumvi kidogo (robo ya kijiko cha chai inatosha lita nzima) inakupa gramu 30. Chupa hiyo pamoja na ndizi moja kwa saa, umekaribia. Waliozoesha tumbo lao wanaweza kufika gramu 90, lakini kwa mchanganyiko wa glukosi na fruktosi, kwa sababu utumbo huvipitisha kwa njia mbili tofauti. Glukosi peke yake ikizidi 60 hubaki tumboni na kukuletea kichefuchefu. Usijaribu siku ya mbio kitu ambacho hujakila mazoezini, hata kikigawiwa bure.

Maji nayo, nusu lita hadi robo tatu kwa saa, kutegemea joto na jasho lako. Jipime kilo kabla na baada ya mazoezi marefu. Mwenye kilo 75 akipungua kilo moja au moja na nusu yuko salama. Ukiwa umeongezeka, ulikunywa kupita kiasi, na hilo ni hatari ya kweli, kwani chumvi ya damu huzimuliwa. Kichwa kikiuma, vidole vikivimba, ukaanza kuchanganyikiwa huku umekunywa sana, nenda kwa wahudumu wa afya wala usiongeze maji.

Nikipata pancha katikati ya umati?

Inua mkono, sema "pancha" kwa nguvu, acha kunyonga, sogea pembeni taratibu hadi nje kabisa ya lami. Beba tyubu mbili, vijiti viwili vya kung'olea tairi, pampu ndogo, viraka na kipande cha tairi kuukuu cha kuziba mkato.

Kabla ya kuweka tyubu mpya, tafuta mkosaji: pitisha vidole polepole ndani ya tairi zima. Kinachosaidia sana ni kuwa ulilivalisha tairi huku chapa yake ikiwa palepale penye valvu. Basi ukiona tundu kwenye tyubu, unajua pa kutazama kwenye tairi. Matundu mawili yaliyo sambamba hayana mwiba, ulipiga shimo na upepo ulikuwa mdogo. Tia tyubu upepo kidogo ipate umbo, anza kuvalisha upande ulio mkabala na valvu na umalizie kwenye valvu, kisha isukume valvu ndani kidogo uhakikishe tyubu haijabanwa na ukingo. Hapo jaza. Ukitumia chupa ndogo ya gesi ya kaboni dioksidi badala ya pampu, ya gramu 16 inatosha tairi moja, ishike kwa kitambaa kwa sababu hupoa hadi kuunguza ngozi. Gesi hiyo hupenya mpira upesi kuliko hewa, kwa hiyo ukikuta tairi limelegea kesho yake usishangae.

Goti linauma na vidole vinakufa ganzi baada ya saa mbili.

Goti likiuma mbele, mara nyingi siti iko chini mno; likiuma nyuma, iko juu mno. Pima urefu wa ndani wa mguu kutoka sakafuni hadi kwenye msamba ukiwa peku, uzidishe kwa 0.883. Mwenye sentimita 80 apate kama 70.6, kutoka katikati ya ekseli inayoshika mikono ya pedali, pale chini kwenye fremu, hadi juu ya siti. Badilisha milimita 3 kwa mara moja, si zaidi. Ganzi ya vidole mara nyingi hutokana na pua ya siti kuinama, uzito wako ukaangukia mikononi. Ilaze sawa, na badilisha mshiko kila dakika 10.

Wiki ngapi za mazoezi, na ya mwisho nifanye nini?

Kumi na mbili kwa anayeweza tayari kuendesha kilomita 50. Ongeza safari yako ndefu polepole hadi ifikie kilomita 120, wiki mbili au tatu kabla. Siku 7 hadi 10 za mwisho punguza muda kwa nusu, lakini bakiza dakika chache za kasi ili miguu isilale. Angalau mara tatu katika wiki hizo fanya mazoezi na kundi la watu wasiopungua wanne, maana kukaa nyuma ya mtu hakufundishwi na kilomita za peke yako.

Nikivuka mstari wa mwisho?

Usibane breki. Nyuma yako kuna mtu aliyeinamisha kichwa, anatafuta sekunde zake za mwisho. Endelea kunyonga polepole hadi wasimamizi wakuelekeze pembeni, ndipo ushuke.