Aliyeunga mkono hoja anaweza kuipigia kura ya hapana?

Mkuu umeuliza kama aliyeunga mkono hoja kwenye bodi lazima baadaye apige ndiyo, wala hailazimu. Kuunga mkono maana yake ni "sawa, hili tulijadili", basi, akishasikia mjadala akabadili mawazo anapiga hapana na hajavunja kitu. Mtoa hoja ndo kabanwa kidogo, kwa Robert's Rules (zile kanuni za Marekani za tangu 1876, bodi nyingi za huko zinazifuata) haruhusiwi kuongea kuipinga hoja yake mwenyewe ila kura ya hapana ruksa. Kituko, lakini ndo hivyo.

Panapochanganya watu zaidi ni marekebisho. Mfano hoja inasema tununue mapipa 20 ya taka, mwingine anataka yawe 12, mnapigia kura kwanza hiyo 20 kuwa 12, ikipita bado hamjanunua kitu, mnarudi kuipigia kura hoja yenyewe ikiwa sasa na 12. Nishaona kikao wamepiga ile ya kwanza wakafunga mafaili, kikao kinachofuata katibu anasoma muhtasari, uamuzi wa kununua haupo.

Kura zikiwa sare hoja imeanguka. Na bodi ndogo, watu 12 hivi kushuka chini, kwa kanuni hizohizo hoja haihitaji hata wa kuunga mkono, ila chekini kwanza kanuni zenu wenyewe maana hizo ndo zinatangulia.