Kupima maarifa ya michezo ya walimu tarajali: karatasi peke yake haitoshi

Ndugu mkufunzi mwenzangu, umeuliza kama karatasi ya maswali 40 ya kuchagua jibu inatosha kupima maarifa ya michezo ya wanachuo kabla hawajakwenda BTP, yaani mazoezi ya kufundisha shuleni. Niliitumia karatasi ya namna hiyo kwa miaka mingi, na kilichonitoa humo ni kipindi kimoja cha mpira wa pete.

Mwanachuo aliyekuwa amepata 38 kati ya 40 alisimamia wasichana wa darasa la tano, na mmoja wao kila alipodaka mpira alishindwa kusimama, akaongeza hatua mbili tatu. Mwanachuo alipuliza filimbi mara sita, kila mara akiwapa mpira wapinzani, bila kumfundisha mtoto chochote. Nilipomuuliza chanzo cha kosa, alinisomea kanuni: mguu wa kutulia ukiinuliwa, usirudishwe chini kabla mpira haujatoka mkononi. Hakuona kwamba binti alikuwa akiupokea mpira huku anakimbia kwa kasi yake yote. Mwenzake wa alama 22 ndiye aliyemwita pembeni, akamdakisha akitembea, kisha akikimbia polepole, akimhesabia kwa sauti, "moja, mbili, tulia."

Tangu hapo karatasi nimeibakiza kwa kanuni tu, nazo naziuliza kwa tukio. Ukiuliza maana ya kuotea katika soka, darasa zima litajibu, wavulana kwa mbwembwe. Uliza kama anayepokea moja kwa moja mpira wa kurusha anaweza kuotea, uone watakavyotazamana.

Alama nyingi sasa zinatoka uwanjani, ambako mwanachuo hutazama watoto wakicheza kwa dakika 10, kisha huandika kosa aliloliona, chanzo chake na zoezi moja la kulirekebisha. Usahihishaji ndio uliotusumbua: mimi na mwenzangu tulipishana mno, hadi tulipoanza kurekodi mchezo kwa simu, kila mmoja akasahihisha peke yake, ndipo tukalinganisha. Wala usipime kwa soka pekee, maana utakuwa unawapa alama waliokulia nalo mtaani. Mimi huchanganya mpira wa pete, wavu na mbio za kupokezana vijiti.

Katika hizo za vijiti nilipata aibu yangu. Mwanachuo aliandika kwamba eneo la kupokezana katika mita 100 mara nne lina urefu wa mita 30, nikamkata alama kwa kuwa nilizoea 20. Kanuni ilikuwa imebadilika mwishoni mwa 2017, na ilibidi nimrudishie alama yake mbele ya wenzake.