Mzee Aliyehesabu Hatua kwa Kiswahili

Dada mmoja wa Mombasa anayeishi Minneapolis ameniuliza: "Umewezaje kudumu na mwenza mmoja wa dansi miaka 14? Wangu wote wananikimbia." Nimechelewa kumjibu kwa sababu mwenza huyo tulimzika mwezi wa pili.

Nilimwita Mzee. Tulikutana Marekani, jimbo la Maryland jirani na jiji la Washington, bustani ya Glen Echo, katika ukumbi wa Spanish Ballroom uliojengwa 1933. Mimi mtoto wa Tanga nilijua chakacha na rumba tu. Yeye alicheza Lindy Hop, dansi ambayo watu weusi wa Harlem, mtaa wa New York, waliikuza katika ukumbi wa Savoy Ballroom baada ya ukumbi ule kufunguliwa 1926. Usiku wa kwanza aliniambia niache kuung'ang'ania mkono wake kama kamba ya kisima. Nawe dada, legeza mkono. Ukikaza, humsikii mwenzako anakokwenda.

Ilipita miaka mitatu ndipo nikajua kwamba utotoni mwake, pale Washington, bustani ile ilikuwa haiwapokei weusi. Mwaka 1960 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard waliandamana pale, watano wakakamatwa kwa kupanda farasi wa mbao wanaozunguka. Msimu wa 1961 weusi wakaruhusiwa. Mzee mwaka ule wa maandamano alikuwa na miaka 12. Ndiyo maana kila Jumamosi alisimama kwanza mlangoni, akapangusa viatu taratibu, ndipo akaingia. Na mimi nilikuwa namharakisha! Naona aibu hadi leo.

Mwaka wa saba nilimwacha. Nilitaka kombe, nikamfuata kijana hodari wa kurusha mwenzake juu. Wiki mbili kabla ya mashindano kijana akaniacha kwa ujumbe wa simu, mistari miwili, hata salamu hamna. Bado unaniuma. Nilirudi ukumbini nimeinamisha kichwa, nikasimama pembeni karibu na makoti. Mzee akavuka sakafu nzima, akanyoosha mkono: "Wimbo unaanza."

Basi nisikilizeni, ninyi mnaochagua wenza kama nyanya za sokoni, mnabonyeza hili, mnatupa lile. Mnatafuta mguu mwepesi, hamtafuti mtu. Kaa na mtu. Kosea naye, rudi naye. Na ukimuumiza, omba radhi upesi, kwa mdomo. Mimi sikuomba. Nilidhani kucheza naye tena kunatosha, na sasa sina wa kumwomba.

Jumapili ya mwisho hospitalini hakuweza kuinuka. Alikichukua kiganja changu, akagonga kwa kidole, akihesabu kwa Kiswahili nilichomfundisha ndani ya gari: moja, mbili, tatu na nne, tano, sita, saba na nane. Nilipojaribu kufuatisha sauti ilinikatika kwenye saba. Akanisubiri, kisha akaanza tena kutoka moja.