Sauti moja, miziki mitatu

SWALI: Nasikia albamu ya Shania Twain, Up!, ilitengenezwa kwa namna tofauti ili iwavute wapenzi wa kantri na wa pop pia. Walifanyaje? Nina nyimbo za taarab, nataka na vijana wazicheze. (Msomaji, Likoni)

JIBU: Ni kweli, dada. Mwaka 2002 nyimbo zilezile 19 zilitolewa kwa sidii za rangi tatu: nyekundu ya pop, kijani ya kantri, na buluu yenye ladha ya Kihindi, ambayo masikio ya Mombasa hayaioni ngeni. Kilichobadilishwa hasa ni ala.

Kwako, kazi ianze studioni. Imba ukifuata metronomu (kifaa kinachogonga mapigo sawasawa), sauti irekodiwe kavu bila mwangwi. Kila ala iwe na faili lake la WAV (sauti isiyobanwa), biti 24, yote yaanzie sekunde sifuri, ili ala iweze kubadilishwa bila kugusa sauti yako. Kosa kubwa ni kurekodi udi na dumbak pamoja chumba kimoja: ngoma huingia kwenye maikrofoni ya udi, na hata ukiifuta itasikika chini ya mdundo mpya. Chunga pia maqamu, yaani ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu. Wimbo wenye robo toni (sauti zilizo katikati ya vibonye vya kinanda) hugongana na kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa pamoja, za kinanda, kwa hivyo mtayarishaji ajaribu besi na ngoma kwanza.