Maswali yenu kuhusu Oksana Chusovitina, mwanamichezo wa jimnastiki

Huyu mama ni wa nchi gani hasa?
Alizaliwa Bukhara, Uzbekistan, mwaka 1975. Alianza na Umoja wa Kisovieti, na ulipovunjika akatwaa dhahabu ya timu Barcelona 1992 akiwa na Timu ya Muungano (ya nchi zilizokuwa za Kisovieti), kisha akaiwakilisha Uzbekistan. Mwaka 2002 mwanawe alipatikana na saratani ya damu, familia ikahamia Ujerumani kwa matibabu. Aliichezea Ujerumani kuanzia 2006 hadi 2012, halafu akarudi Uzbekistan.

Wenzake hustaafu mapema. Amefikaje Olimpiki 8?
Wanawake wana vifaa vinne: meza ya kurukia, fito, boriti na sakafu. Kadiri umri ulivyosogea, yeye aliegemea meza. Mruko mmoja huisha kwa sekunde chache, ilhali fito na boriti zinadai kurudiarudia mfululizo mrefu kila siku. Fainali ya meza huamuliwa kwa wastani wa miruko miwili tofauti, kwa hiyo anayeimudu miwili hiyo hahitaji kuwa hodari kwingine. Fedha yake ya Beijing 2008, akiwa na miaka 33, ilitoka hapo.

Mruko wa meza uitwao Produnova una ugumu gani?
Unakimbia, unakanyaga ubao wa springi, unasukuma meza kwa mikono (kimo chake sentimita 125), kisha unapiga samasoti (kupinduka hewani) mbili za mbele, mwili ukiwa umekunjwa. Kosa huanzia mikononi: ukichelewa kusukuma, unakosa kimo na unatua umechuchumaa, makalio yakigusa godoro. Ukizunguka kupita kiasi unabiringika mbele, na ndivyo ilivyomtokea Chusovitina Rio 2016, akamaliza wa 7. Ubaya zaidi, samasoti ya mbele haikuonyeshi sakafu hadi dakika ya mwisho.

Wakati ule mruko huo ulikuwa na alama ya ugumu ya 7.0, ndiyo maana ulivutia. Lakini kuanguka hukata pointi nzima, hatua ndogo wakati wa kutua hukata 0.1, na miguu isipotangulia kugusa godoro unapewa sifuri. Kwa maoni yetu, hesabu hiyo inamlipa tu anayetua kwa miguu karibu kila mara mazoezini.

Binti yangu ana miaka 14. Anaruhusiwa Olimpiki?
Bado. Lazima atimize 16 ndani ya mwaka wa mashindano.

Amestaafu?
Alitangaza hivyo Tokyo mwaka 2021, akiwa na miaka 46, kisha akabadili nia. Jeraha ndilo lililomkosesha Paris 2024.