Maswali ya Wasomaji: Kusomea Mazoezi na Afya ya Jamii kwa Pamoja

Wahariri, shikamooni. Nimemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB. Nimeona vyuo vya nje vinatoa shahada mbili kwa mpigo, sayansi ya mazoezi na afya ya jamii. Husomwa nini hasa, na hapa nchini ipo?
*Msomaji, Nyegezi*

Marahaba. Kwa kawaida shahada hiyo ni ya miaka minne. Ukisoma moja baada ya nyingine ni sita. Miaka miwili inaokolewa kwa sababu masomo kama fiziolojia, takwimu na lishe huhesabiwa pande zote mbili. Upande wa mazoezi utasoma anatomia, fiziolojia ya mazoezi, baiomekaniki (jinsi mwili unavyojongea) na namna ya kumpangia mtu mazoezi kulingana na hali yake. Upande wa afya ya jamii kuna epidemiolojia (elimu ya jinsi magonjwa yanavyotokea na kuenea kwa watu), takwimu za afya, uhamasishaji, sera na afya ya mazingira.

Wengi huingia kwa kupenda uwanja na maabara, takwimu wakazichukulia kama adhabu ya kupita. Hapo ndipo shahada inapowaponyoka. Tazama utafiti wa Jerry Morris, mtaalamu wa epidemiolojia wa Uingereza, na wenzake uliochapishwa mwaka 1953 kuhusu mabasi ya ghorofa ya London. Dereva alikaa kutwa. Kondakta alipanda na kushuka ngazi akikata tiketi. Ugonjwa wa moyo ulikuwa mchache kwa makondakta. Aliyesoma mazoezi tu ataishia hapo: moyo uliozoea kazi unasukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, basi ngazi ndizo zilizowakinga. Aliyesoma epidemiolojia atauliza kama watu hawa walikuwa sawa tangu mwanzo. Morris naye aliuliza. Akapekua vipimo vya sare za kazi, na mwaka 1956 akaonyesha kwamba viuno vya madereva vilikuwa vipana kuliko vya makondakta, hata kwa vijana. Kwa hiyo sehemu ya tofauti ile ingeweza kuwa inatokana na aina ya mtu anayekwenda kuwa dereva. Hoja ya mazoezi haikufa, tafiti nyingi zimeiunga mkono tangu hapo, lakini ilibidi ipimwe upya kwa uangalifu zaidi. Ukiweza kuuliza maswali hayo yote mawili juu ya jambo moja, umeipata faida ya kusoma viwili.

Hapa nchini njia iliyo wazi ni kwenda kwa hatua. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya elimu ya viungo na sayansi ya michezo, ila elewa kwamba ni shahada ya ualimu. Baada yake unaweza kutafuta uzamili wa afya ya jamii, ambao kwa Mwanza unatolewa CUHAS, chuo kikuu cha sayansi za afya kilichopo Bugando. Kabla ya kuanza hatua ya kwanza, waandikie wa hatua ya pili uwaulize kama shahada hiyo inakubalika kuingia kwao, na jibu lao ulihifadhi. Anayetaka kuanza kwa stashahada ya michezo asisahau kwamba Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kipo wilayani Kwimba, mkoa huu huu.

Ukiamua kwenda nje, uliza kozi imethibitishwa na chombo gani cha taaluma na ina saa ngapi za vitendo. Kwa Australia, chombo kinachoitwa Exercise & Sports Science Australia kinadai saa 140 za vitendo kwa mtaalamu wa sayansi ya mazoezi; anayetaka kuwahudumia wagonjwa kwa mazoezi anaongezewa masomo na saa 360. Shahada ya pamoja mara nyingi inakufikisha kwenye zile 140 tu. Pia pita TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kabla ya kulipa ada, upate cheti cha kutokuwa na pingamizi, ili shahada yako isije kukwama siku ya kutambuliwa.

Niko mwaka wa pili wa kozi hiyo, likizo niko nyumbani. Nimepewa kazi ya kupima kiwango cha shughuli za mwili kwa wavuvi wa mwalo wa Igombe kwa dodoso la GPAQ, na kuwapima presha. Nianzie wapi, na nini huharibika?
*Mwanafunzi, Ilemela*

Anza na ruhusa. Kuhoji na kupima watu ni utafiti, hata kama ni kazi ya darasani: kibali cha maadili kutoka chuoni kwako, na uulize NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) Mwanza kama kazi yako inahitaji kibali cha hapa pia. Kisha halmashauri, mtendaji wa kata, na viongozi wa BMU, kikundi kinachosimamia mwalo. Ukiwaruka BMU, hata mwenye hamu ya kukusaidia atasita kukaa nawe.

Dodoso lenyewe, la Shirika la Afya Duniani, lina maswali 16: kazi, safari za miguu na baiskeli, michezo ya mapumziko, na swali moja la muda wa kukaa. Linauliza juu ya wiki ya kawaida, na shughuli za dakika 10 au zaidi mfululizo. Hesabu yake inatumia kipimo kiitwacho METI, yaani mara ngapi mwili unatumia nguvu kuliko ukiwa umetulia. Kazi nzito inahesabiwa METI 8, ya wastani 4, na safari 4. Zidisha METI kwa dakika za kila siku, kisha kwa idadi ya siku katika wiki. Mtu mzima akifikisha 600 kwa wiki amevuka kiwango cha chini. Ni sawa na dakika 150 za shughuli ya wastani. Mwuza duka anayetembea dakika 20 kwa siku, siku sita, ana 480. Hajafika.

Sasa mvuvi. Akikwambia anavuta nyavu dakika 180 kila usiku, kwa usiku tano, utapata 180 × 5 × 8, yaani 7,200. Usiiandike hivyo kabla hujamwuliza usiku unakwendaje. Wavuvi wa dagaa hushusha taa, wakangoja dagaa wakusanyike, wakavuta, wakangoja tena. Ikiwa kuvuta kwenyewe ni dakika 60, ni 2,400, theluthi ya ile ya kwanza. Mchoree mstari wa usiku mzima kwenye karatasi, aweke alama: kusukuma mtumbwi, kupiga kasia au kukaa kwenye injini, kungoja, kuvuta, kupakua. Mtu anakumbuka kazi kwa mpangilio wake. Ukimwuliza jumla atakisia.

Jambo litakalokuangusha zaidi ni mwezi. Taa huvuta dagaa gizani; mbalamwezi ikiwa kali zinapoteza nguvu, na wengi hawaendi ziwani. Ukikusanya data wiki ya mwezi mpevu utakuta wanaume wamekaa kivulini wanashona nyavu, uandike kwamba wavuvi wa Igombe hawajishughulishi. Ukikusanya wiki ya giza tu, utaandika kinyume chake. Wiki ya kawaida ya mtu huyu haipo. Ana wiki za aina mbili. Mhoji kwa kila aina, kisha utafute wastani, kila aina ukiihesabu kulingana na siku anazofanya kazi katika mwezi mzima. Lieleze hilo kwenye ripoti kwa maneno yako, kwa sababu dodoso halikutungwa kwa kazi inayofuata mwezi.

La pili, watakaokuwepo mwaloni ni walio wazima. Aliyeumia mgongo au mwenye presha ya kumlaza yuko nyumbani. Ukichukua sampuli mwaloni tu utawakuta wavuvi wenye afya ya kupendeza, nawe utaisifu kazi kwa afya hiyo. Omba BMU orodha ya waliosajiliwa, teua majina kwa bahati nasibu, uwafuate walipo. Wanawake wanaoanika dagaa usiwaache nje kwa kuwa hawapandi mtumbwi: kuinama, kugeuza na kubeba ndoo kutwa ni kazi inayostahili kupimwa.

Presha ipime baada ya mtu kukaa ametulia dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo chini, miguu haijapishana, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Nusu saa kabla asivute sigara wala kunywa kahawa, na awe ameshakojoa. Pima mara tatu, ukipumzika dakika 3 kati ya kipimo na kipimo, kisha chukua wastani wa viwili vya mwisho. Wavuvi wana mikono minene, na mkanda mdogo wa kipimo huipandisha presha kwa uongo, kwa hiyo beba mkanda mkubwa na upime mzingo wa mkono kwa futi kamba kabla ya kuchagua. Mkono ukining'inia pembeni pia utapata namba ya juu isiyo yake. Atakayefika 140 kwa 90 au zaidi, mwandikie karatasi ya kwenda zahanati kupimwa tena siku nyingine. Usimwambie ana ugonjwa. Akifika 180 kwa 120, au ana maumivu ya kifua au ganzi upande mmoja, anapelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Mwanangu akimaliza shahada hii ataweza kuajiriwa hospitali kama mtaalamu wa fiziotherapia? Au afisa afya?
*Mzazi, Buzuruga*

Hapana, mama, si kwa shahada hii peke yake. Fiziotherapia ina shahada yake. KCMC Moshi ni mojawapo ya wanaoitoa. Afisa afya mazingira naye anasajiliwa kwa masomo ya afya mazingira, na jina "afya ya jamii" kwenye cheti halitoshi. Mwanao atafaa kwenye miradi ya kuzuia kisukari na presha, utafiti, mipango ya afya mashuleni na kazini, na timu za michezo. Kama moyo wake uko wodini, abadilishe kozi mapema, mwaka wa kwanza.

Nafundisha vijana wa miaka 13 hadi 16. Kwenye mbio za mita 20 za kwenda na kurudi, watatu hawavuki dakika ya tatu. Wanaoga ziwani kila baada ya mazoezi. Niwaongezee mazoezi?
*Kocha, Musoma*

Usiwaongezee bado, kocha. Kwanza kagua kipimo. Toleo linalotumika sana linaanza na kilomita 8.5 kwa saa na kuongeza 0.5 kila dakika. Yapo yanayoanza na 8.0, na matokeo yake hayalinganishwi. Pima mita 20 kwa futi kamba, si kwa hatua, na usikimbize mchangani.

Kipimo kikiwa sawa, wapeleke zahanati wakapimwe wingi wa damu, malaria na kichocho. Kijana mwenye upungufu wa damu anabeba oksijeni kidogo, na mazoezi zaidi yatamchosha bure. Kichocho cha ufukweni huku zaidi ni cha tumbo, mayai yake hutoka na choo kikubwa. Kutafuta mayai kwenye mkojo kunaweza kukikosa kabisa. Sampuli moja ya choo nayo inaweza kutoka safi ilhali minyoo ipo, maana mayai hayatoki sawa kila siku.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito: mwenye kilo 45 ni miligramu 1,800, vidonge vitatu vya 600, baada ya kula. Itolewe na mhudumu wa afya. Haiui minyoo michanga, wala haizuii maambukizi mapya, hivyo wakirudi kuoga palepale utarudi mwanzo. Waogee maji ya bomba au ya kisima, au maji ya ziwa yaliyochujwa konokono na kulazwa kwenye pipa siku mbili.

Wakishatibiwa, rudia mbio zile zile kwenye uwanja ule ule na saa ile ile baada ya wiki nane. Asiyepanda hata dakika moja arudi zahanati na sampuli za choo za siku tatu tofauti.